Mgeni Asiyeulizwa

Nyumba ninayofanyia kazi haina bango. Iko Bagamoyo, mtaa sitautaja, na anayepita nje haoni tofauti yake na nyumba nyingine yoyote yenye watoto wengi: ukuta wa matofali, geti la bati, mwembe mmoja, kamba ndefu ya nguo. Ni nyumba ya Kikristo ya kulea wasichana waliotolewa mahali walipokuwa wakiumizwa. Wapo waliobakwa na ndugu zao. Wapo walioletwa mjini kwa ahadi ya kusomeshwa, wakaishia kufanya kazi za ndani bila mshahara. Wapo walioozwa wakiwa darasa la sita, na wapo waliokutwa baa wakihudumia wateja kwa umri huo huo. Kwenye karatasi za Ustawi wa Jamii mimi naandikwa mlezi. Wao wananiita Mama, na wakiwa na shida ya hela wananiita Mama yetu kipenzi.

Bango lilikuwepo zamani. Lilikuwa zuri, la rangi ya bluu, limeandikwa kwamba hapa wanalelewa wasichana waliookolewa. Shuleni wenzao wakalidaka. Mtoto akichelewa namba, akikosa hesabu, akipata shati jipya, jina ni hilo hilo: "Aliyeokolewa huyo!" Mpaka mmoja akaanza kuzunguka kwa njia ya shambani ili asionekane akiingia getini kwetu. Bango likang'olewa, likawa mlango wa banda la kuku, upande wa maandishi ukitazama ndani. Kuku hawajalalamika.

Niseme mapema ninachokiamini baada ya miaka mingi ya kazi hii. Kinachonichosha kuliko kumpata msichana, kumlisha na hata kumlipia mahitaji ya shule ni kuwazuia watu wema wasimuulize maswali. Watu wabaya wana polisi wao. Watu wema wanakuja na mchele. Anakuja mama wa kanisani na kilo ishirini na katoni ya sabuni, anapokelewa, anashukuriwa, mtoto anamletea maji ya kunywa kwa heshima zote. Mtoto akigeuka tu, mama anainama upande wangu na kunong'ona, "Huyu naye ilikuwaje?" Nami najibu, "Huyu ni wa darasa la saba, anapenda sayansi."

Msichana huletwa mara nyingi jioni, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto au afisa ustawi, nguo zake zikiwa kwenye mfuko wa rambo, kama anazo. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwanamke aliyelelewa vizuri, akiletewa mtoto aliyeumizwa, mkono wake unakwenda kwenye ndoo: amwogeshe, ambadilishe, zile nguo chafu aziloweke. Kama tukio ni la siku mbili tatu zilizopita na mtoto hajafika hospitali, maji hayo yanaondoka na kesi. Haogi kwanza. Nguo haziloweshwi, zinatiwa kwenye mfuko wa karatasi, wa nailoni haufai kwa sababu humo zinavunda. Polisi wanatoa PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali, daktari anaijaza. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, halafu zimezwe siku 28 bila kuruka hata moja. Hizo siku 28 ni zangu. Dawa inaleta kichefuchefu, mtoto anakaza meno, na mimi ndiye ninayekaa naye kwenye ngazi za jikoni na kikombe cha uji mpaka kidonge kishuke.

Hayo yakipita, ni chai. Chai, mkate, kitanda, na taa ya korido inayowaka mpaka asubuhi. Hakuna fomu usiku huo. Nabii Eliya alipokimbilia nyikani akiomba afe, malaika hakumuuliza neno. Alimwamsha akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha tena, akampa mkate tena. Mungu alipomuuliza anafanya nini pale, siku arobaini za safari zilikuwa zimeshapita. Mchungaji wetu hulihubiri neno hilo akizungumzia uchovu wa watumishi. Mimi nalisoma kama mwongozo wa mapokezi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa wasichana wengi walisema kweli tupu. Mtoto anayekaa bure anajiona mzigo. Mpe ufagio, mpe zamu ya kuku, mpe kazi ya kupukuchua mahindi na wenzake, na kabla wiki haijaisha anaanza kugombana juu ya nani kamaliza sabuni. Ugomvi wa sabuni ni dalili nzuri sana. Ila wapo ambao jembe lenyewe ndilo lililowaumiza. Tulimpokea msichana aliyetoka kufanya kazi za ndani, aliyechukuliwa kijijini na mwanamke aliyejiita shangazi. Saa kumi alfajiri nilisikia maji yanamwagika. Nikatoka, nikamkuta amepiga deki korido yote, yuko magotini anasugua kizingiti cha mlango wangu. Nikamwambia akalale. Akaniangalia kama niliyemfukuza. Kwa huyo ilibidi tufanye kinyume: jina lake likatolewa kwenye zamu zote, na ikawa kazi yake kukaa. Ilimchukua muda mrefu kuweza kukaa kwenye kiti wakati mtu mwingine anafagia. Siku aliyosema "leo sitaki kuosha vyombo, nimechoka" mpishi alikuja ofisini kunishitakia, nami nikamwambia tumshukuru Mungu.

Chakula nacho kina mambo yake. Godoro likiota sisimizi, ujue kuna andazi chini yake. Zamani walezi walikuwa wanakagua vitanda na kuwasema watoto hadharani, wizi, uchoyo, uchafu. Sasa kuna kapu mezani lenye maandazi, viazi vya kuchemsha au ndizi, halifungwi wala halihesabiwi, usiku na mchana. Wiki za mwanzo mgeni analimaliza peke yake. Baadaye anaamini kwamba kesho litakuwepo, anaacha.

Halafu kuna samaki. Bagamoyo bila samaki utakula nini? Hapa watu wanashuka mnadani pwani mitumbwi ikiingia, wanarudi na vibua na dagaa, na jioni mji wote unanuka mafuta ya kukaangia. Msichana mmoja alikuwa ametolewa kwenye dago, kambi ya wavuvi, kule pwani ya juu, alikopelekwa kupika na akafanywa mambo mengine. Kila tukikaanga anatapika. Hakusema sababu, wala hakuulizwa. Mpishi, mama wa Kikwere mwenye maneno machache, aliona mwenyewe mara ya pili, na kuanzia hapo siku za samaki alimtuma yule mtoto dukani kwa njia ndefu na pesa ya juisi. Sijui kama kwenye vitabu vya ushauri nasaha jambo hilo lina jina.

Maneno yenyewe yanatoka wapi basi, kama hakuna anayeuliza? Kwetu yanatoka mkekani. Jirani yetu ni bi mkubwa wa Kiislamu, umri wake umepita sabini, fundi wa ukili, ule msuko wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Alasiri huja na miyaa, majani yenyewe ya kusukia, aliyokwisha kuipaka rangi, zambarau, kijani na ya njano, anakaa chini ya mwembe, anagawa. Ukili unadai macho. Ukiinua uso unakosa njia, lazima ufumue. Kwa hiyo watu wanaosuka hawatazamani, na kusemea mikononi ni rahisi kuliko kusemea usoni. Nilikuwa nimekaa pembeni nachambua mchele pale msichana aliyekuwa kimya tangu aje aliposema, bila kumlenga mtu, "Bibi, kwani mtu akifanyiwa jambo na babu yake, dhambi ni ya nani?"

Bi mkubwa hakunyanyua kichwa. "Ya babu," akasema. "Kaza hapo, njia yako inalegea."

Msichana akakaza. Wakaendelea. Baada ya kitambo akaongeza jambo lingine, na lingine, na mpaka kivuli cha mwembe kinafika ukutani alikuwa ameshasema mengi. Mshauri nasaha wetu, aliyekuwa akija na daftari na kuwaita mmoja mmoja ofisini, aliposikia hayo aliacha kiti chake na kuja kukaa mkekani. Ukili wake ni mbovu mpaka leo, lakini watoto wanamwambia mambo.

Kanisani ndiko nilikogombana zaidi, na ndiko kwangu. Sisi watu wa wokovu tunapenda ushuhuda. Mtu anasimama, anaeleza alikokuwa na Bwana alikomtoa, watu wanapiga vigelegele. Kwa mtu mzima aliyechagua mwenyewe sina neno. Lakini ibada ya mavuno inapokaribia, kuna atakayesema: walete wale mabinti, mmoja wao ashuhudie, watu waguswe watoe. Nimekataa kila mara. Nilimwambia mzee mmoja wa kanisa, kwa heshima, "Mzee wangu, binti yako naye angesimama kusimulia mambo ya namna hiyo mbele ya vijana wa kwaya?" Akanyamaza. Alinuna kwa muda, kisha akaleta magunia mawili ya mkaa bila kusema kitu. Wageni wa kutoka mbali nao wanajua siku hizi kwamba simu zinabaki getini. Wengine hukasirika. Wanasema wafadhili kule kwao wanahitaji kuona sura. Mimi nawapa takwimu badala ya sura: utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kila kumi nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Nawaambia sura wanazozitafuta wamezipita njiani tangu Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam.

Mahali pamoja tu ni lazima aseme, nako ni mahakamani. Hapo simzuii mtu kuuliza. Namwandaa mtoto aulizwe. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mara nyingi kwamba katika kosa la kubaka ushahidi ulio bora kuliko wote ni wa aliyetendewa mwenyewe. Tangu mwaka 2016 sheria ya ushahidi inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kula kiapo, ila kwanza aahidi kusema kweli na siyo uongo. Hatumfundishi maneno. Ukimfundisha maneno, wakili wa upande wa pili atayanusa kwa swali moja. Tunachomfundisha ni mahali: hakimu atakaa wapi, Wakili wa Serikali ni yupi, choo kiko wapi, kwamba kesi za namna hii husikilizwa chemba na siyo mbele ya umati, na kwamba "sikumbuki" ni jibu halali kama kweli hukumbuki. Tunabeba chupa ya chai na kitenge cha kujifunika magoti.

Halafu kesi inaahirishwa. Shahidi hajafika, hakimu yuko likizo, jalada halijaletwa. Mtoto aliyekuwa amejikaza usiku kucha anarudi na kitenge chake, na tarehe mpya ikikaribia anaanza tena kukojoa kitandani. Kwenye sheria adhabu ni nzito, miaka 30 jela kwa uchache, na maisha kama mtoto hajafikisha miaka kumi. Ukubwa wa adhabu hiyo ndio unaoleta wageni kwangu.

Walikuja wanaume wawili, mmoja baba mkubwa wa msichana, mwingine mtu wa kijiji chao. Aliyeshitakiwa alikuwa mjomba. Niliwakaribisha barazani, nikawapa soda. Baba mkubwa alikuwa mpole, amevaa koti kwenye joto lile.

"Mama, sisi ni watu wa dini kama nyinyi," akaanza. "Tumekuja kwa heri. Mambo ya nyumbani huishia nyumbani. Kule tumeshakaa wazee, mjomba ametoa ng'ombe, bibi yao amelia, imetosha."

"Pole na safari, mzee wangu. Lakini kesi si yangu. Ni ya Jamhuri. Mimi sina kalamu ya kuifuta."

"Basi tuitie mtoto mwenyewe. Tumuulize mbele yako kama anataka mjomba wake akafie gerezani."

Nilimwambia mtoto yuko shule. Alikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka tulipokaa, na alisikia kila neno. Nilisindikiza wageni mpaka getini, nikatoa taarifa kwa afisa ustawi na kwa Dawati jioni ile ile. Kwa sababu swali lile, unataka mjomba afungwe, ndilo linaloua kesi nyingi kuliko rushwa. Linamvua mkosaji kosa na kumvika mtoto. Akisema ndiyo, yeye ndiye aliyeiua familia. Akisema hapana, kesi imekwisha, na likizo ijayo atalala chumba kile kile.

Wakristo tunaongezea lingine: msamaha. Saba mara sabini. Naliamini neno hilo, lakini nimeacha kuwavumilia wanaolileta mapema. Biblia yenyewe ina habari ya Tamari, binti Daudi, aliyebakwa na kaka yake Amnoni. Kaka yake mwingine, Absalomu, alimwambia anyamaze, yule ni ndugu yake, asilitie moyoni. Daudi alikasirika sana, na hatusomi kwamba alifanya lolote. Tamari akakaa ukiwa nyumbani mwa Absalomu. Miaka miwili baadaye Absalomu akamuua Amnoni, na vita ile ikala nusu ya nyumba ya mfalme. Hakuna aliyerudi kumuuliza Tamari anataka nini. Sura hiyo haisomwi sana siku za wanawake. Mimi naisoma na wasichana wakubwa, wale wanaotaka, na wao ndio walioniuliza: kwa nini hakwenda kwa mama yake? Sina jibu, na sikulitunga.

Hapo sasa naingia kwenye jambo ambalo bodi yetu bado haijakubaliana nalo lote. Sisi ni nyumba ya Kikristo katika mji wa Waislamu. Wasichana wengi wanaoletwa ni Waislamu. Wengine kwenye bodi waliona ni mlango uliofunguliwa na Mungu. Mimi naona mtoto anayekula ugali wako, amevaa nguo yako, na hana pa kwenda, hawezi kukukatalia dini yako. Hata "ndiyo" yake haina thamani. Basi kwetu sala ya jioni ipo, aje anayetaka. Ramadhani mpishi anaamka kupika daku. Ustadhi wa mtaa wa pili ana wanafunzi watatu wa kwetu madrasa, na tulimuuliza mambo mengi kabla ya kumkubali, kama tunavyomuuliza mwalimu wa Sunday school. Kubatizwa hakuruhusiwi mtoto akiwa chini ya ulezi wetu. Akitoka, akiwa mtu mzima na kwake, kanisa halihami. Kuna mfadhili alituacha kwa hilo. Watoto hawakulala njaa, ingawa mwezi ule tulikula maharage mpaka tukachoka.

Bagamoyo ina historia ya jambo hili hili. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 wakaanzisha misheni kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, wakati soko la watumwa Zanzibar lilikuwa bado linafanya kazi. Lilifungwa mwaka 1873. Watoto walinunuliwa, wakalishwa, wakafundishwa kusoma, kulima na ufundi, wakabatizwa kwa majina mapya. Wakikua waliozeshwa wao kwa wao, wakapewa kijumba na shamba, na baadaye baadhi ya familia hizo zikapelekwa bara kuanzisha misheni mpya, kama Mhonda mwaka 1877. Kanisa la zamani, makumbusho na njia ya miembe vipo mpaka leo, na Jumapili nyingine huwa tunawapeleka wasichana kutembea. Mwongozaji alikuwa anaeleza vizuri sana jinsi mapadri walivyowaokoa wale watoto. Msichana wetu mmoja, mdogo, akanyoosha mkono kama yuko darasani: "Na mama zao walijua kwamba wapo hapa?"

Mwongozaji alisema wengi walikuwa wametekwa mbali sana. Ni kweli, na pengine mapadri wale hawakuwa na namna: kijiji kimechomwa, mtoto hajui hata jina la mto wa kwao, utamrudisha wapi? Lakini sisi tuna namna. Tuna mabasi, simu, maofisa ustawi wa wilaya, na namba 116 ambayo mtoto au jirani anaipiga bure. Mtoto wa Handeni ana bibi Handeni. Kwa hiyo siku hizi mtu akisifia kwamba nyumba yetu imejaa, sifurahi. Makao yanatakiwa kuwa mahali pa mwisho baada ya ndugu na familia za kuaminika kutafutwa, na kitanda kinachokaliwa miaka sita na mtoto mwenye bibi mzima kinanitia wasiwasi.

Kurudisha si kupandisha mtoto basi. Afisa ustawi anafanya uchunguzi wa familia, sisi tunakwenda tunalala huko, tunaangalia nani analala wapi na mlango una komeo upande gani. Bibi mmoja alitupokea kwa mbwembwe, kachinja kuku, lakini mtoto akagoma kula kwa sababu hakukuwa na kijiko. Bibi akaniangalia. "Mmenilelea mzungu," akasema, na alikuwa anatania nusu tu. Tangu hapo tulipunguza baadhi ya vitu. Wanakula kwa mkono kwenye sinia. Wanapikia kuni siku mbili kwa wiki. Tulikuwa na mashine ya kufulia ya msaada. Tuliiuza, na sikuisikitikia.

Shule niipite haraka, imesemwa na wengi. Juni 2017, hapa hapa mkoani Pwani, Rais John Magufuli alitangaza kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi kwenye shule ya serikali. Novemba 2021 serikali ikafungua tena mlango. Katikati ya hapo tulikuwa na wasichana wenye akili kali wenye watoto mgongoni, na tulichoweza kuwapa ni cherehani. Kila nyumba kama yetu inatoa cherehani. Kama kila msichana aliyefundishwa kushona angefungua duka, Bagamoyo nzima ingekuwa mafundi bila wateja. Wawili kati ya wale walirudi sekondari baada ya tangazo jipya, wakubwa kuliko walimu wao wa mazoezi.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni miaka 18. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, siku anayotimiza 18 si mtoto tena, na nyumba kama yetu haina haki ya kumshikilia wala bajeti ya kumlisha. Mwenye bibi tumeshamrudisha zamani. Anayebaki mpaka 18 ni yule ambaye nyumbani kwao ndiko penye mkosaji, au mama yake alisimama mahakamani upande wa pili. Unampa sanduku, kitenge na maombi, halafu? Wale akina shangazi wa uongo wanajua tarehe hiyo kuliko sisi. Mmoja alimpigia simu msichana wetu wiki ya mahafali yake, akimwahidi kazi ya saluni Dar es Salaam, chumba na chakula bure.

Tulichoamua, baada ya vikao virefu, ni kuwapangia vyumba mjini, wawili wawili, karibu na sisi kiasi cha kuja kula Jumapili na mbali kiasi cha kutokuja kila siku. Nyumba ya kwanza ni ya mjane, vyumba viwili vya uani, choo cha nje, maji ya bomba, umeme wa luku. Wasichana wamekwenda kuviona, wamepima dirisha kwa ajili ya pazia, wamegombana kitanda kikae upande gani. Mjane aliniuliza mara moja tu ni watoto wa nani. Nikamwambia ni wa kwetu, mmoja anauza duka la dawa kwa mafunzo, mwingine anasomea ualimu wa chekechea. Akasema vizuri, ila kodi anataka ya miezi sita. Bodi imetoa ya mitatu. Bi mkubwa anauza mikeka ya wasichana kwa wageni wa magofu ya Kaole, na mpishi anatafuta mtu wa kununua majogoo.